Kuingia uwanjani na kamera: mwongozo kamili kwa mtazamaji wa mashindano makubwa

Mkaguzi wa getini hana muda wa kusikiliza unapenda picha kiasi gani. Nyuma yako kuna foleni ndefu, mchezo unakaribia kuanza, na kamera yako iko juu ya meza mbele yake. Anaangalia mambo machache tu: lenzi ina urefu gani, inatoka kwenye kamera au haitoki, umebeba stendi au hukubeba, begi linaingia kwenye kipimo au haliingii. Ndani ya sekunde kumi ameshaamua.

Nimejifunza hili kwa uchungu. Nilifika kwenye geti la mashindano moja makubwa nikiwa na lenzi ya milimita 70 hadi 300, na kinga yake ya jua, ile pete ndefu ya kuzuia mwanga wa pembeni, nimeifunga kwa mbele. Lenzi yenyewe ilikuwa ndani ya kipimo. Kinga ndiyo iliyoizidisha. Mkaguzi aliweka rula, akatikisa kichwa, akanionyesha njia ya kutokea. Kama ningeigeuza ile kinga ikalala juu ya lenzi, kazi ya kuzungusha mara moja tu, ningepita. Badala yake nilitembea hadi kwenye banda la kuhifadhi mizigo, nikapanga foleni upya, nikaingia mchezo umeshafika katikati.

Kwa hiyo mwongozo huu umejengwa juu ya zile sekunde kumi: nini cha kufanya kabla hazijafika, zinapofika, na ukishaingia ndani.

Hatua ya 1: Jua wanachokizuia

Watu wengi hudhani kamera inazuiwa kwa sababu moja. Sababu ziko kadhaa, na kila moja huzaa sharti la aina yake.

Ya kwanza ni haki za matangazo. Vituo vya televisheni hulipa fedha nyingi ili viwe peke yao katika kuonyesha mchezo, na wapiga picha wa habari huingia kwa vitambulisho maalumu vyenye masharti yake. Mwandaaji anayeuza haki hizo hataki mtu wa jukwaani arushe mchezo mubashara au auze picha zenye ubora uleule. Ndiyo maana video hubanwa kuliko picha mnato, na lenzi ndefu kuliko fupi. Hapa pia kuna suala la kamari: wapo watu wanaokaa jukwaani na kutuma matokeo ya kila pointi kwa wacheza kamari walio nje, wakiitangulia televisheni kwa sekunde chache. Tenisi imepata shida kubwa kutokana na hila hiyo, na ndiyo maana masharti mengi ya tiketi sasa yanakataza hata kutuma takwimu za mchezo ukiwa ndani.

Ya pili ni usalama wa wachezaji na wa watazamaji. Mwaka 1999, katika mbio za baiskeli za Tour de France, Giuseppe Guerini alikuwa akiongoza kwenye mlima wa Alpe d'Huez, mstari wa mwisho uko karibu, mtazamaji akasimama katikati ya barabara kumpiga picha. Waligongana, Guerini akaanguka. Alipanda tena baiskeli na kushinda mbio za siku ile, lakini ingeweza kwenda vinginevyo. Mwaka 2018, kwenye mlima huohuo, Vincenzo Nibali alianguka baada ya kunaswa, kama ilivyoelezwa, na mkanda wa kamera ya mtazamaji. Uti wa mgongo ukapata ufa na mbio zake zikaishia hapo. Mkanda tu, uliokuwa ukining'inia.

Ya tatu ni utulivu wa mchezaji. Flashi na mlio wa shata, yaani pazia la kamera linalofunguka unapopiga, vinaweza kumharibia anayepiga mpira wa gofu au anayejizungusha hewani kwenye jimnastiki. Na ya nne ni jirani yako: kijiti cha selfi kikiinuliwa, watu wa safu kadhaa za nyuma hawaoni tena.

Ukijua sharti limetoka kwenye sababu ipi, utaelewa hata lile lisiloandikwa vizuri.

Hatua ya 2: Soma masharti yote matatu

Tukio moja kubwa huwa na maandishi matatu yanayokuhusu: masharti ya tiketi, kanuni za uwanja, na orodha ya vitu vilivyokatazwa kwa tukio hilo. Mara nyingi hayafanani. Uwanja unaweza kuruhusu kamera yoyote isiyo kubwa, lakini shindano lililokodi uwanja huo likaja na orodha yake kali zaidi. Fuata lililo kali kuliko yote, maana ndilo atakaloshika mkaguzi. Na usiamini kumbukumbu ya mwaka jana, wala ya rafiki aliyeingia na kamera ileile uwanja uleule kwa shindano jingine.

Tofauti ni kubwa kweli. Mashindano ya tenisi ya Wimbledon hukataza kamera ambayo lenzi yake inaweza kuvutwa kupita milimita 300. Olimpiki ya London 2012 ilitumia kipimo kingine kabisa: vifaa vikubwa vya picha vyenye urefu wa zaidi ya sentimita 30, pamoja na stendi. Kanuni za viwanja vya Kombe la Dunia la FIFA zimekuwa zikiruhusu kamera kwa matumizi binafsi ikiwa na seti moja tu ya betri za akiba, huku kamera za video zikikatazwa. Kwenye NFL, ligi ya futiboli ya Kimarekani, kinachowaangusha wengi ni begi, na nitalirudia hapo mbele.

Halafu kuna Masters, mashindano ya gofu ya Augusta National. Siku za mazoezi unaweza kuingia na kamera ya picha mnato kwa matumizi yako. Kuanzia Alhamisi, mashindano yenyewe yakianza, kamera hairuhusiwi. Simu ya mkononi hairuhusiwi siku yoyote, na ndani wameweka simu za mezani ambazo mtazamaji hupiga bure. Mtu aliyezoea kwamba simu huingia kila mahali anaweza kusafiri bara zima na kukwama hapo.

Unaposoma, tafuta maneno machache haya: kamera, lenzi, video, kurekodi, stendi, begi, matumizi ya kibiashara. Angalia kama kipimo ni cha milimita za lenzi au sentimita za kifaa. Angalia kama wanasema "lenzi inayobadilishwa" au "kamera ya kitaalamu". Neno "kitaalamu" ndilo baya kuliko yote, kwa sababu halina kipimo. Mkaguzi mmoja ataliona ni kamera yoyote ambayo lenzi inatoka, mwingine ataliona ni ile lenzi kubwa nyeupe ya wapiga picha wa habari pembeni mwa uwanja. Ukikutana nalo, andika barua pepe kwa waandaaji wiki mbili tatu kabla, taja jina kamili la kamera na lenzi na urefu wake kwa sentimita, omba jibu. Jibu hilo na ukurasa wa masharti vipige picha ya skrini, uvihifadhi ndani ya simu. Mtandao hulemewa watu wakijaa getini, na ukurasa usiofunguka haukusaidii.

Hatua ya 3: Pima, usikadirie

Hapa ndipo wengi hukosea, kwa hiyo twende polepole.

Milimita zilizoandikwa kwenye lenzi si urefu wa lenzi. Ni urefu wa fokasi, yaani kipimo cha namna lenzi inavyovuta kitu cha mbali. Lenzi ya milimita 300 inaweza kuwa na urefu wa sentimita 12 ikiwa haijavutwa. Na lenzi ya milimita 70 hadi 200 yenye tundu kubwa la kuingiza mwanga, f/2.8, inafika kama sentimita 20 hata kama milimita zake ni chache. Sharti la milimita na sharti la sentimita ni vitu viwili tofauti kabisa, na kifaa kinaweza kupita kwenye moja kikakwama kwenye jingine.

Chukua rula. Pima lenzi ikiwa imefungwa kwenye kamera, ikiwa imevutwa hadi mwisho, kinga ya jua ikiwa mbele. Andika. Kisha geuza kinga, rudisha lenzi, pima tena. Namba kubwa ndiyo ya kulinganisha na sharti, kwa sababu mkaguzi anaweza kukuambia uivute mbele yake.

Ukiwa na kamera yenye sensa ndogo, yaani kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, kuna jambo moja zaidi. Kwenye sensa ya saizi ya APS-C, lenzi ya milimita 200 huona sawa na milimita 300 za kamera ya sensa kubwa. Kwenye Micro Four Thirds, saizi ndogo zaidi, huona sawa na milimita 400. Mkaguzi husoma kilichoandikwa kwenye lenzi, na hiyo ni faida ya halali kabisa kwako: umeingia na lenzi ya 200, umeandikiwa 200, na wachezaji bado wanaonekana karibu.

Kamera zenye lenzi isiyotoka na inayovuta sana ni za kuangalia kwa makini. Sony RX10 IV ina lenzi ya milimita 8.8 hadi 220 kwa kipimo halisi, lakini inaona sawa na 24 hadi 600. Nikon P1000 huona sawa na 24 hadi 3000. Penye sharti la "lenzi isibadilishwe" zinapita. Penye kikomo cha milimita 300 unategemea mkaguzi amesoma namba ipi, na mimi nisingeiweka safari yangu kwenye bahati hiyo bila jibu la maandishi.

Hatua ya 4: Chagua kifaa kimoja

Ushauri wangu baada ya viwanja vingi: kamera moja, lenzi moja, na imalizike hapo. Ukibeba lenzi mbili na kamera ya akiba, unaonekana mtu wa kazi hata kama picha zako zitabaki kwenye albamu ya nyumbani. Lenzi nyeusi fupi hupita kimya mahali ambapo lenzi nyeupe ndefu huita msimamizi.

Kama kiti chako kiko mbali, juu kabisa, hakuna lenzi inayoruhusiwa itakayokuletea sura ya mchezaji. Hapo chukua kamera ndogo ya mfukoni au simu, ukapige uwanja mzima, taa, bendera, nyuso za ulioenda nao. Hizo ndizo picha ambazo shirika la habari halitakupigia.

Nyumbani yabaki stendi ya miguu mitatu, ya mguu mmoja pia, kijiti cha selfi, kipaza sauti cha nje, na kisanduku kigumu cha kamera. Droni usiifikirie hata kidogo. Oktoba 2014 mechi ya Serbia na Albania mjini Belgrade ilivunjika baada ya droni yenye bendera kushuka uwanjani na vurugu kuzuka. Marekani huzuia droni kuruka karibu na viwanja vya watu 30,000 au zaidi kuanzia saa moja kabla ya mechi za ligi kubwa hadi saa moja baada ya kumalizika.

Betri ijae, kwa sababu wakati mwingine utaombwa uwashe kamera kuthibitisha kwamba ni kamera kweli. Kadi ya kumbukumbu iwe tupu au iwe na nakala nyumbani. Namba ya utambulisho wa kamera ipige picha kwa simu, itakufaa ikipotea kwenye banda la mizigo.

Hatua ya 5: Begi

Kamera inaruhusiwa, begi lake halikuruhusiwa: hili hutokea sana. Tangu 2013 NFL hutaka begi la plastiki linaloonyesha kilichomo, lisilozidi takribani sentimita 30 kwa 15 kwa 30, na begi la kamera halimo kwenye yanayokubalika. Kamera yenyewe unaivaa shingoni au unaiweka ndani ya lile begi la plastiki. Wimbledon ina kipimo chake, sentimita 40 kwa 30 kwa 30, begi moja kwa mtu.

Tumia kitambaa laini au kifuko chepesi ndani ya begi la kawaida. Kamera iwe juu, sehemu unayoifungua kwanza. Usiifiche chini ya koti wala kuifunga ndani ya chakula. Nimeona watu wakishauriana kufanya hivyo, na naliona ni kosa kubwa: kamera iliyokataliwa getini inakugharimu nusu saa, lakini kamera iliyofichwa na kukutwa ndani inakugharimu kiti chako. Tiketi ni mkataba, na karibu masharti yote yanampa mwandaaji haki ya kukutoa bila kukurudishia pesa.

Hatua ya 6: Getini

Fika mapema, angalau saa moja na nusu. Mkaguzi ambaye bado hajazidiwa na foleni atakusikiliza.

Toa kamera mwenyewe kabla hujaombwa. Kinga ya jua imegeuzwa, lenzi imerudishwa, mkanda umekunjwa. Sema kwa ufupi: ni ya matumizi binafsi, lenzi ni milimita kadhaa, haivuki kipimo. Usianze kueleza sensa. Akikataa, muulize kwa upole ni sharti lipi, mwonyeshe ukurasa uliohifadhi, na kama bado anakataa omba msimamizi wake. Mara nyingi msimamizi huamua kwa haki, kwa sababu ndiye anayeijua orodha kwa undani. Akikataa naye, yameisha. Kubishana zaidi hakujawahi kunisaidia, na hakukuwasaidia wale niliowaona wakipandisha sauti.

Kwa hiyo uwe umejua kabla ya kuondoka nyumbani kwamba kamera ikikataliwa itakwenda wapi: kwenye gari, hotelini, kwa mtu ambaye hakuingia, au kwenye hifadhi rasmi ya mizigo kama ipo. Matukio mengine hayana hifadhi kabisa, na hapo unabaki na njia mbili, kurudi nayo au kuiacha moja kwa moja. Usimwachie mtu usiyemjua anayejitolea "kukushikia" nje ya geti.

Hatua ya 7: Ndani ya uwanja

Zima flashi. Izime kwenye menyu, pamoja na ile taa ndogo inayosaidia kamera kulenga gizani. Flashi ya kamera ndogo hufika mita chache tu, kwa hiyo mchezaji aliye mita sitini hapati chochote. Unachokimulika ni visogo vya watu wa mbele yako. Unapata picha mbaya zaidi na unamsumbua mchezaji bure.

Badala yake ongeza ISO, namba inayopandisha wepesi wa kamera kupokea mwanga. Mchana kweupe, kasi ya shata ya 1/1000 ya sekunde hugandisha mkimbiaji. Ndani ya ukumbi au usiku anza na ISO 3200, panda hadi 6400 ukihitaji, usiishushe kasi chini ya 1/500 kama unataka miguu isifunikwe na ukungu. Shata ya kielektroniki haina mlio, na kwenye tenisi au gofu ndiyo ya kutumia. Ila chini ya taa za LED inaweza kuleta mistari ya giza kwenye picha, na mpira unaokwenda kasi ukaonekana umepinda. Piga tatu nne za majaribio wakati wachezaji wanapasha misuli, uzitazame kwa ukaribu, uamue.

Ukiwa nyuma ya wavu, usogelee kadiri inavyoruhusiwa, fungua tundu la lenzi hadi mwisho, lenga mtu aliye mbali. Nyuzi za wavu zitayeyuka.

Kila mchezo una wakati wake wa kimya. Tenisi: tulia kuanzia mchezaji anapodundisha mpira kabla ya kuanzisha, hadi pointi iishe. Gofu: usipige kabla fimbo haijaugusa mpira. Kwenye shindano la gofu la Skins Game la 2002, mtazamaji alipiga picha Tiger Woods akiwa katikati ya kupiga mpira kutoka kwenye shimo la mchanga, na mbeba vifaa wake Steve Williams akaichukua kamera ile na kuitupa majini. Alivuka mpaka, lakini inaonyesha mlio mmoja unavyosikika pale. Kwenye farasi, hatari ya flashi haiishii kwa mpanda farasi, mnyama mwenyewe hushtuka. Kwenye baiskeli za barabarani, rudi nyuma hatua moja zaidi ya unavyodhani inatosha, usitazame mbio kupitia kioo cha kamera peke yake maana lenzi hudanganya umbali, na mkanda uzungushe mkononi.

Msimamizi akikuambia uache, shusha kamera kwanza, uliza baadaye. Ana haki ya kukutoa. Suala la kukunyang'anya kamera au kukulazimisha ufute picha ni jingine na hutegemea sheria ya nchi uliyopo, kwa hiyo ukifikishwa huko omba kwa utulivu muende kwa mkuu wa ulinzi au polisi wa uwanja badala ya kuvutana kwenye ngazi.

Hatua ya 8: Kabla hujabonyeza "tuma"

Kuruhusiwa kupiga si kuruhusiwa kusambaza. Masharti ya London 2012 yaliruhusu picha na video kwa matumizi binafsi na ya nyumbani, lakini yakakataza kuchapisha video na sauti, hata kwenye mitandao ya kijamii. Kanuni za viwanja vya Ligi Kuu ya England zimeruhusu simu kwa matumizi binafsi huku zikikataza kilichonaswa kisifikishwe kwa wengine, mitandao ikiwemo. Maelfu huweka picha zao kila wiki na hawaguswi, kwa sababu waandaaji hufukuza zaidi video za mchezo wenyewe: goli, pointi ya ushindi, mita za mwisho.

Kwa hiyo nagawa hivi. Picha yangu na wenzangu jukwaani, uwanja kabla ya mchezo, shangwe: naweka. Picha mnato ya mchezaji: naweka kama masharti hayakatazi, bila kuiuza wala kuipa biashara iitumie kwenye tangazo. Video ya mchezo ukiendelea: inabaki kwenye simu yangu. Kurusha mubashara: sifanyi kabisa, hata kwa kikundi cha familia, maana karibu hakuna uwanja usiolishika sharti hilo. Mtoto wa mtu mwingine akitokea kwa ukaribu kwenye picha, namuuliza mzazi kabla sijaondoka kitini, na akikataa naifuta akiwa anaona.

Ukitaka kuuza picha za michezo, geti lako ni jingine: omba kitambulisho cha mpiga picha kupitia chombo cha habari au shirikisho la mchezo huo, miezi kadhaa kabla. Anza na mashindano madogo ya mchezo uleule. Huko kamera kubwa mara nyingi hukaribishwa, unasimama karibu na mstari, na picha utakazozikusanya ndizo utakazoambatisha kwenye maombi.